Mdachi, Mudage, Alemani: neno la nyumbani katika kumtafuta babu Mjerumani

Hapa Kakontwe, Likasi, si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba nkambo wake alikuwa Mjerumani. Kauli hiyo husemwa kwa Kifaransa mbele ya karani, kwa Kiswahili nyumbani, na katika familia kadhaa kwa Kinyarwanda au Kirundi. Vijana wanaoisikia hukimbilia Ujerumani: wanaandika barua, wanatafuta jina kwenye intaneti, wanasubiri jibu. Wengi hawapati kitu. Makala haya yanauliza kwa nini, na yanapendekeza mahali pengine pa kuanzia.

Hoja yangu ni hii: hati ya kwanza katika utafutaji wa ukoo ni neno ambalo familia hulitumia kumtaja mtu yule. Neno hilo lina njia lililopitia, na njia hiyo ndiyo inayotuambia tufungue daftari la nchi gani. Kazi ya kulisoma neno ni kazi yetu sisi wa idara za lugha kabla ya kuwa kazi ya mwanahistoria.

1. Mji wa watu waliotoka mbali

Likasi ni mji wa madini. Wanajiolojia wanalijua jina la Kakontwe kwa sababu ya mawe yake ya chokaa, lakini kilichowaleta watu hapa ni shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Angola na, katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, Ruanda-Urundi. Wazungu walikuja pia: Wabelgiji kwa wingi, na pamoja nao Wagiriki, Waitalia, Waluksembagi na wengineo. Kwa muda mrefu wa enzi ya ukoloni mji wetu uliitwa Jadotville, na jina hilo lilidumu hadi 1966. Mtafiti anayeandika "Likasi" peke yake katika barua ya kuomba hati ya mwaka 1950 anaweza kujibiwa kwamba hakuna kitu.

Wajerumani walipita Katanga hata kabla ya Wabelgiji kuitawala. Mwaka 1884 Richard Böhm alifariki dunia Katanga, na mwenzake Paul Reichard akafika Bunkeya kwa Msiri. Lakini hawa walikuwa wasafiri. Lugha yenyewe inashuhudia kwamba Mjerumani hakukaa kwetu kama alivyokaa pwani. Kiswahili cha Tanzania kilichukua neno "shule" kutoka Kijerumani, na "hela" kutoka sarafu ya Heller. Sisi Katanga mtoto huenda "ku masomo", na pesa tunaziita "feza", "franga" au "makuta". Kwa hiyo familia ya Likasi inaposema "Mjerumani", inafaa tuulize kwanza neno hilo liliingiaje nyumbani mwao.

2. Maneno matatu, njia tatu

Katika mazungumzo na wazee nimekutana na majina matatu, mbali na "Mjerumani" la vitabuni na redioni.

La kwanza ni "Mdachi". Hili ni neno la zamani la pwani na la njia ya misafara, nalo linahusishwa na neno la Kijerumani lenyewe, "Deutsch". Anayelitumia huenda alilipokea kutoka Tabora, Ujiji au Kigoma. Tukumbuke kwamba jeshi la Kongo, Force Publique, liliingia Tabora mwezi Septemba 1916, na mwaka uliofuata likafika Mahenge. Askari na wapagazi waliporudi walirudi na maneno, na wengine walirudi na wake. Kwa njia hii, kielekezo ni Tanzania: vitabu vya misheni za huko, na majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki katika hifadhi ya taifa ya nyaraka Dar es Salaam.

La pili ni "Mudage". Kinyarwanda husema "Umudage", Kirundi husema "Umudagi". Irabu ya mwisho peke yake yaweza kumweleza msikilizaji makini kama bibi alitoka upande wa Kigali au upande wa Gitega. Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mpaka Wabelgiji walipozichukua mwaka 1916. Kijana aliyeandikishwa kazi mwaka 1926 akiwa na umri wa miaka ishirini alizaliwa chini ya bendera ya Ujerumani. Watoto wake wakisema "baba alikuwa wa Badage", wanasema kweli, ila wanachotaja ni enzi, wala si damu. Kwa familia hizo utafutaji unaanzia kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni za Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe. Berlin haitawasaidia.

La tatu ni "Alemani". Hili ni la Kifaransa, "allemand", limepata irabu ya mwisho ya Kibantu. Ni neno la ofisi, la kambi ya wafanyakazi, la hospitali ya kampuni. Anayelitumia amelipata kwa Mbelgiji. Kwa hiyo mtu aliyeitwa "Alemani" Jadotville alitajwa hivyo na Wabelgiji waliofanya kazi naye, na nyaraka zake zina uwezekano mkubwa wa kuwa Ubelgiji.

Sisemi kwamba neno ni ushahidi kamili. Watu huoana, hujifunza maneno ya majirani, na shule husawazisha yote kuwa "Mjerumani". Ndiyo maana ni muhimu kumsikiliza mzee kabla ya mjukuu, na kuandika neno kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha.

3. Nkambo si wa kambo

Istilahi za ukoo nazo zina mitego. Kwetu "nkambo", ambalo wengine hulitamka "kambo", ni babu au bibi, na "bankambo" ni wahenga. Kwa Mswahili wa Dar es Salaam au Mombasa, "baba wa kambo" ni mume wa mama asiye mzazi wako. Kumbukumbu iliyorekodiwa Kakontwe ikitafsiriwa na mtu wa Nairobi asiyejua Kiswahili chetu, babu mzazi anaweza kugeuka mume wa pili wa bibi, na ukoo mzima ukakatika kwenye karatasi.

"Baba" pia si mtu mmoja. Ndugu wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Karani Mbelgiji aliyeuliza "père?" alijibiwa kwa Kiswahili, akaandika jina la yule aliyekuwa akimlea mtoto. Ninawashauri wanafunzi wenzangu waulize kwa vitenzi: nani alikuzaa, nani alikulea, nani alikupa jina, nani alikulipia masomo. Majibu manne yanaweza kuwa watu wanne.

4. Jina likivuka lugha

Jina la Kijerumani lililofika Jadotville lilipita masikio matatu. Padri aliliandika kwa Kilatini, karani kwa Kifaransa, na familia ikalihifadhi kwa Kiswahili. Wilhelm akawa Guilielmus, kisha Guillaume. Heinrich akawa Henricus, kisha Henri. Ludwig akawa Ludovicus, kisha Louis. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika madaftari matatu bila kudanganya popote.

Majina ya ukoo hubadilika kwa kanuni tunazozijua darasani. Kijerumani huandika "sch" pale Kifaransa kinapoandika "ch" na sisi "sh". Herufi "w" ya Kijerumani husikika kama "v". Konsonanti zilizofuatana hutenganishwa kwa irabu, na mwisho wa jina huongezewa irabu. Schmidt anaweza kusikika "Shimiti", Weber akawa "Veba". Kwa msemaji ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi "l" na "r", Schröder anaweza kuwa "Shileda". Kazi ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua kuandika uwezekano wote badala ya kuchagua unaopendeza. Ukiwa na "Veba" mkononi, tafuta Weber, Wever na Weeber.

Majina ya mahali yana tabia hiyo hiyo, na siasa huyaongezea tatizo. Mfano mzuri ni wa mtu aliyefia katika Kongo ya mashariki. Emin Pasha, aliyeuawa mwezi Oktoba 1892, alizaliwa Oppeln mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, katika familia ya Kiyahudi. Leo Oppeln ni Opole, nchini Poland. Anayemtafuta "Emin" katika hati za Ujerumani hatampata, na anayeutafuta mji wa Oppeln kwenye ramani ya leo ya Ujerumani hatauona. Sisi tulioishi Jadotville na kuamka Likasi hatupaswi kushangaa.

5. "Alemani wa Babelge"

Nieleze sasa kisa kimoja nilichokifuatilia hapa Kakontwe kwa ruhusa ya wenyewe. Majina nayaacha.

Mama mmoja mzee alizaliwa Jadotville mwaka 1951. Mama yake alikuwa mwenyeji wa hapa. Baba yake alikuwa Mzungu wa kampuni aliyeondoka binti akiwa bado mdogo. Cheti chake kinasema kwa Kifaransa kwamba baba hajulikani. Nyumbani alijulikana vizuri: jina lake la ukoo lilihifadhiwa kwa matamshi ya Kiswahili, na bibi alikuwa akisema sentensi moja bila kuibadilisha: "Alikuwa Alemani wa Babelge." Wajukuu waliicheka. Mtu atakuwaje Mjerumani wa Wabelgiji? Mmoja wao alikuwa amekwisha kumtafuta Ujerumani kwa miaka miwili, na jina lilikuwa la kawaida mno.

Niliichukua sentensi ile kama tunavyochukua data: tusiisahihishe, tuulize ni katika mazingira gani ingekuwa kweli. Neno ni "Alemani", kwa hiyo njia ni ya Kibelgiji. Kiunganishi "wa" kinaonyesha umilikaji: Mjerumani aliye mali ya Wabelgiji, au aliye miongoni mwao. Mahali kama hapo pako. Eupen, Malmedy na Sankt Vith zilikuwa chini ya Prussia tangu 1815. Mkataba wa Versailles ukazihamishia Ubelgiji mwaka 1920. Hitler alizitwaa tena mwezi Mei 1940, na baada ya vita zikarudi Ubelgiji. Mpaka leo Eupen na Sankt Vith husema Kijerumani. Mtoto aliyezaliwa Eupen mwaka 1912 alizaliwa Mjerumani, akawa Mbelgiji akiwa na miaka minane, na alipokua aliweza kuja Kongo kama Mbelgiji mwingine yeyote. Wenzake kazini wangemwita "l'Allemand". Bibi alisema kweli tupu.

Ndipo familia ilipoleta kadi ya posta ya Noeli iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani, salamu tu za sikukuu. Muhuri wa posta ulisomeka: Eupen.

Tangu hapo tulijua pa kuandika. Ubelgiji ina tawi la hifadhi ya nyaraka za serikali Eupen kwenyewe. Hati ya kuzaliwa iliyopita miaka 100 iko wazi kwa mtu yeyote nchini humo. Nakala iliyopatikana inataja mtu mwenye jina lile lile na tarehe ya kuzaliwa ambayo bibi aliikariri kwa wanawe kila mwaka. Ukingoni mwa ukurasa pana nyongeza: alifunga ndoa Ubelgiji kabla ya vita.

Tutenganishe tulichothibitisha na tusichothibitisha. Tumethibitisha kwamba mtu huyo alikuwepo, na kwamba jina, mji na tarehe vinaafikiana na kumbukumbu ya nyumbani. Ubaba wenyewe haujaandikwa popote. Majalada ya Union Minière, ambayo sehemu kubwa yamehifadhiwa Brussels, yanaweza kuonyesha kama aliajiriwa Jadotville miaka ile. Hiyo ndiyo hatua inayofuata.

6. Kuzisoma hati zenyewe

Wanafunzi wetu huogopa Kijerumani. Wana silaha zaidi kuliko wanavyodhani.

Silaha ya kwanza ni Kifaransa. Ukingo wa kushoto wa mto Rhine, pamoja na eneo la Eupen, ulitwaliwa na Ufaransa katika miaka ya 1790, na usajili wa raia ukaanzishwa kwa mtindo wa Kifaransa. Hati za huko za mwanzo wa karne ya 19 zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa mpangilio ule ule ulioletwa Kongo baadaye: mwaka, mwezi, siku, saa, aliyefika mbele ya ofisa, mashahidi wawili. Aliyezoea cheti cha Likasi anaweza kusoma cha mwaka 1805. Prussia yote ilipata usajili wa raia tarehe 1 Oktoba 1874, na dola zima la Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, kwingineko hutegemewa vitabu vya kanisa.

Silaha ya pili ni Kilatini, ambacho waliopita seminari wanakijua kidogo. Vitabu vingi vya ubatizo vya Wakatoliki, vya Rhine na vya Katanga, viliandikwa kwa Kilatini. "Filia" ni binti, "patrinus" ni baba wa ubatizo, "patre ignoto" ni baba hajulikani. Soma daima jina la msimamizi wa ubatizo, kwa maana mara nyingi ni rafiki au ndugu wa mtu asiyetajwa.

Kinachobaki ni mwandiko. Wajerumani waliandika kwa Kurrent, ambamo "e" hufanana na "n", na "u" hutofautishwa kwa alama iliyopinda juu yake. Mwandiko wa Sütterlin ulifundishwa shuleni Prussia tangu 1915 hadi ulipoondolewa mwaka 1941. Njia nzuri ya kujifunza ni kuanza na maneno usiyohitaji kuyakisia: majina ya miezi, "geboren" (amezaliwa), "getauft" (amebatizwa), "gestorben" (amefariki), "ledig" (hajaoa au hajaolewa). Ukishayatambua hayo katika mkono wa karani fulani, tengeneza alfabeti yake, kisha ndipo usome majina.

Kwa anayetafuta nchini Ujerumani kwenyewe, sheria inayotumika tangu 2009 hufungua hati za kuzaliwa baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80 na za vifo baada ya 30. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg zimehifadhiwa kuanzia 1850 hadi 1934. Za Bremen nyingi ziliharibiwa.

7. Baba hajulikani

Utafutaji huu si mchezo wa kujipamba na damu ya kigeni. Watoto wengi wa mama Mwafrika na baba Mzungu katika Kongo ya Wabelgiji, na katika Ruanda-Urundi, walitengwa na mama zao na kuwekwa misheni, na majina ya baba zao yakafichwa. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mbele ya bunge. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya binadamu kwa wanawake watano waliochukuliwa utotoni kwa njia hiyo. Kwa hiyo maneno "baba hajulikani" mara nyingi hayakuwa taarifa. Yalikuwa uamuzi wa mtu mwenye kalamu.

Hilo linaweka wajibu juu ya mtafiti. Mama wa Kakontwe alipoelezwa ile nyongeza ya ukingoni kuhusu ndoa, alinyamaza kwa muda, kisha akaomba barua yoyote isipelekwe kwa familia ya Ubelgiji kwa sasa. Mmoja wa wajukuu aliwaza pasipoti. Yeye alitaka jina liandikwe vizuri, herufi kwa herufi, ili watoto wasilikosee tena. Tuliliandika kwa tahajia ya Eupen, na chini yake tukaandika matamshi ya bibi. Uamuzi wa kwenda mbele ni wake, na mtafiti hana haki ya kuuharakisha.

Kwa wanafunzi watakaotaka kuendeleza kazi hii hapa Likasi, napendekeza mpangilio ufuatao. Rekodi sauti ya mzee akimtaja mtu yule kwa maneno yake mwenyewe, kabla hujamwonyesha hati yoyote. Andika neno analolitumia kwa utaifa, na uulize alilisikia kwa nani. Uliza ukoo kwa vitenzi. Orodhesha matamshi yote ya jina yanayotumika nyumbani, kisha yarudishe nyuma kwa kanuni. Omba kuona kila karatasi yenye mwandiko: kadi, Biblia, bahasha, nyuma ya picha. Andika mji kwa jina lake la wakati ule pamoja na la sasa. Baada ya hayo yote, ndipo uchague hifadhi ya kuiandikia.

Wazee waliosikia "Mdachi", "Mudage" na "Alemani" kwa masikio yao wanapungua kila mwaka. Hati za Eupen zitasubiri miaka mingine 100. Sauti zao hazitasubiri, kwa hiyo kinasa sauti kitangulie barua.